Fundi wa Fito Asistaafishwe

Korosho zikilipa, Masasi na Newala hununua saruji na bati. Nyumba ya miti huachwa iliwe na mchwa nyuma ya nyumba mpya ya matofali, na fundi aliyeijenga haitwi tena ila kwa banda la mbuzi. Tunamstaafisha mapema mno.

Mtazame akiwa kazini. Akishachimbia nguzo, hulaza mtambaapanya juu yake, kisha husimamisha makombamoyo. Fito huzipitisha ndani na nje, na kila zinapokutana na nguzo hufunga kwa kamba ya magome. Hulisukuma fundo kwa kidole gumba. Likicheza, hulikata akafunga upya. Udongo huja mwisho. Kukandika watakuja jamaa na majirani, lakini kufunga hamwachii mtu.

Hesabu za tetemeko ziko upande wake. Ardhi ikitikisika, jengo likiwa zito zaidi hupigwa kwa nguvu kubwa zaidi. Ukuta wa matofali usio na nondo wala lenta ni mzito na hauna kinachoufunga; ukipasuka, humwagika. Ukuta wa fito nao umebeba udongo, ila udongo ukibanduka, miti iliyofungwa vizuri hubaki imeshikana, mradi mchwa hawajaifikia. Kagera waliona gharama ya kuta zisizofungwa tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoua watu wasiopungua 17.

Marekani, kwenye matetemeko makali kuliko hilo, wahandisi hujenga ghorofa za mbao juu ya jukwaa la zege: chini maduka na magari, juu makazi. Miongoni mwa masharti ya kuzipigia hesabu sehemu hizo mbili kila moja peke yake ni kwamba ya chini iwe ngumu angalau mara 10 kuliko ya juu. Zege hufuata mwendo wa ardhi, mbao huyumba juu yake, na nguvu yote ya juu hushukia kwenye maungio. Boliti zikiwa chache, nyumba huteleza au hunyanyuka upande mmoja. Fundi wetu hajapiga hesabu hizo, lakini kidole chake gumba hukagua mahali palepale.

Kusini hatutikisiki kama Kagera, ila upepo unaong'oa mabati tunaujua, nao hutafuta fundo legevu vilevile. Basi anayejenga duka la zege na kutaka vyumba vya mbao juu yake amwite mhandisi, na fundi wa fito awepo. Boliti zipandwe zege likiwa bichi. Mbao ya chini ifungwe kwenye zege, nguzo kwenye mbao, kenchi kwenye nguzo, bati kwenye kenchi. Kabla hujatoa fedha, muulize anayekujengea: kipi kimefungwa na nini? Akikujibu kwamba uzito utashikilia, tafuta mwingine.