Oili Ndani ya Rejeta: Namna Mfumo wa Kupoza Injini ya Dizeli Unavyosafishwa

Katika injini ya dizeli, oili na maji ya kupoza hupita katika njia zinazotenganishwa na kuta nyembamba za chuma na gasketi, na kizuizi hicho kinapotoboka, uelekeo wa uvujaji huamuliwa na tofauti ya shinikizo baina ya pande mbili. Injini inapozunguka kwa kasi ya safari, pampu husukuma oili kwa shinikizo la bari 3 hadi 5 hivi, ilhali kifuniko cha rejeta kwa kawaida huachia maji shinikizo lake linapokaribia bari 1. Ndiyo maana oili hutangulia kuingia kwenye maji. Injini ikizimwa, shinikizo la oili hutoweka huku maji ya moto yakingali yamebanwa, na uelekeo waweza kugeuka, kwa hiyo kijiti cha kupimia oili kilicho safi leo si dhamana ya kesho.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ni mfano mzuri. Kipoza oili chake, yaani kifaa kinachohamisha joto la oili kwenda kwenye maji, kimefichwa ubavuni mwa bloki na kuzungukwa na maji hayo, hivyo ufa mdogo au gasketi iliyochoka kwenye milango yake hutosha kuchafua mfumo mzima. Hata hivyo, mara nyingi lawama huangukia gasketi ya silinda hedi, na hedi hufunguliwa kwa gharama kubwa kabla ya kipoza oili kukaguliwa. Ni kweli kwamba gasketi hiyo nayo inaweza kupitisha oili, lakini ikiungua kwenye ukingo wa silinda hupitisha pia gesi za mwako, ambazo hutoa mapovu yasiyokoma kwenye rejeta na hutambuliwa kwa dawa ya kupimia inayobadilika rangi. Mahali ambapo oili ipo na gesi haipo, kipoza oili ndicho mshukiwa wa kwanza: hutolewa, mlango mmoja huzibwa, hewa ya kompresa huingizwa taratibu kwenye mlango wa pili kikiwa kimezamishwa katika maji ya moto, kwa kuwa nyufa nyingine hufunguka chuma kinapopanuka.

Kusafisha kabla ya kuziba tundu ni kupoteza sabuni. Kinachosafishwa ni emalisheni, yaani matone madogo mno ya oili yaliyotawanyika majini, yanayofanana na mtindi wa rangi ya kahawa, ambayo hung'ang'ania kuta za njia. Na kwa kuwa oili hupitisha joto kwa takriban robo tu ya uwezo wa maji, utando mwembamba unatosha kupandisha joto la injini. Maji machafu, ambayo yana glaikoli yenye sumu, hukusanywa kwenye chombo injini ikiwa imepoa, thermostati huondolewa ili mzunguko usizuiliwe, na hita ya ndani ya gari huwekwa kwenye joto la juu, la sivyo kiini chake hubaki na oili itakayorudi baadaye. Sabuni ya kuoshea vyombo kwa mkono hutoa povu jingi mno. Ile ya mashine ya vyombo haitoi povu, lakini ukali wake wa alkali hula aluminiamu, hivyo haifai kuachwa humo usiku kucha. Dawa iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii ni ghali zaidi, na inastahili bei yake. Injini huendeshwa hadi ipate joto la kazi, mchanganyiko humwagwa, na zoezi hurudiwa hadi maji yatoke angavu, kisha husuuzwa mara kadhaa kwa maji matupu.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni mipira. Hosi nyingi za maji hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, unaostahimili glaikoli na mvuke lakini huvimba na kulainika ukikutana na oili ya madini, na hosi iliyokwisha kunyonya oili haiponi kwa kuoshwa. Kwa hiyo hosi zilizovimba, pamoja na kifuniko cha rejeta ambacho mpira wake umelegea, hubadilishwa ndipo kulanti mpya, yaani maji ya kupoza yenye glaikoli, itiwe. Baada ya wiki chache za matumizi, kifuniko hufunguliwa asubuhi injini ikiwa baridi: utando unaopungua kila ukaguzi ni mabaki, na unaoongezeka humrudisha fundi kwenye kipoza oili.