Kapoeira Mbili: Elena na Eddy katika Uwanja wa Mashine

Katika ufundishaji wa fasihi, neno mhusika hutajwa kila siku. Tunawafundisha wanafunzi kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Tunawaagiza wamtazame mhusika kwa maneno yake, kwa matendo yake, na kwa yale wasemayo wenzake juu yake. Lakini wengi wa wanafunzi hao, watokapo darasani, hukutana na wahusika wa aina nyingine ambao sisi walimu hatujazoea kuwahakiki, nao ni wapiganaji wa michezo ya vidio. Aghalabu tunawapita kwa kudhani kwamba hawana la kutueleza. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wanalo, na kwamba mmoja wao anatuhusu kwa karibu sisi watu wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa ameletwa mbele ya walimwengu kwa jina la Kenya.

Misururu miwili ya michezo hii imeshindana kwa muda mrefu. Wa kwanza ni Street Fighter, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Osaka mwaka 1987, ukapata umaarufu mkubwa kwa toleo lake la pili la mwaka 1991. Wa pili ni Tekken, ulioanzishwa na kampuni ya Namco ya Tokyo mwaka 1994. Ikatokea kwamba mwaka 1997 kila kampuni ilitoa toleo jipya kwa mashine za kumbi za michezo: Capcom ilitoa Street Fighter III, na Namco ikatoa Tekken 3. Katika kila toleo alikuwamo mpiganaji mpya anayepigana kwa kapoeira. Capcom ilimpa sanaa hiyo msichana wa Kenya, Elena. Namco ilimpa kijana wa Brazili, Eddy Gordo. Ni nadra mhakiki kupata mizani iliyo sawa namna hii: sanaa moja, mwaka mmoja, nchi moja ya watungaji, na wahusika wawili.

Kabla ya kuwapima wahusika hao yafaa tueleze lugha inayowatamka, kwani mchezo wa mapigano una sarufi yake. Katika Street Fighter mchezaji ana vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, navyo vimepangwa kwa nguvu, yaani pigo jepesi, la wastani na zito. Katika Tekken vitufe ni vinne, na kila kimoja ni kiungo cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Kwa hiyo mchezaji wa Street Fighter hujiuliza, “Nipige kwa nguvu gani?” na mchezaji wa Tekken hujiuliza, “Nipige kwa kiungo kipi?” Tena, Street Fighter III ilichorwa kwa mkono, picha baada ya picha, na wapiganaji wake husogea mbele na nyuma katika mstari mmoja. Tekken 3 iliwajenga wapiganaji wake kwa maumbo ya kompyuta yenye kina, ikawapa nafasi ya kukwepa pigo kwa kuingia pembeni. Tofauti hizi zote ni za fani, lakini tutaona kwamba zimegusa maudhui.

Kapoeira yenyewe ilizaliwa Brazili miongoni mwa Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki, wengi wao kutoka pande za Angola na Kongo. Ni pigano, ni ngoma, ni mchezo. Wawili huingia katika duara la watu, nao wenzao wanaimba na kupiga ala. Sheria ya jinai ya Brazili ya mwaka 1890 iliiharamisha. Mwaka 1932 Mestre Bimba alifungua shule yake mjini Salvador, na taratibu sanaa iliyokuwa ya kuwindwa ikawa ya kuheshimiwa. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza duara la kapoeira katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sanaa hii basi ina kumbukumbu ndani yake, na yeyote anayeicheza ameibeba kumbukumbu hiyo, ajue asijue.

Tumtazame Eddy kwanza. Watungaji wake wamempa kisa. Alizaliwa katika nyumba ya kitajiri; baba yake akauawa; naye akajitwika hatia ya mauaji hayo ili auokoe uhai wake mwenyewe. Akafungwa miaka minane, na humo gerezani akafundishwa kapoeira na mzee mfungwa, kisha akatoka akitafuta kisasi. Kisa hiki ni kifupi, wala si cha ajabu kwa anayezijua riwaya za kisasi. Hata hivyo kina mantiki: sanaa ya watu waliofungwa minyororo imepokewa gerezani, kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Hata mwili wa Eddy una ushahidi, kwani mienendo yake ilinakiliwa kutoka kwa Marcelo Pereira, mwalimu wa kapoeira aliyeifundisha sanaa hiyo Marekani. Ule mwendo wa kuyumba uitwao ginga, kule kusimama kwa mikono, kule kuketi chini kana kwamba amechoka kumbe anatega, vyote ni vya kapoeira kweli.

Lakini tukigeukia uchezaji tunaona ufa. Mateke ya Eddy hufuatana yenyewe kwa yenyewe, hata mchezaji asiyejua lolote akibonyeza vitufe viwili vya miguu ovyo ovyo huonekana fundi, na mara nyingine humshinda aliyejifunza. Sifa hiyo ilimwandama Eddy kwa miaka mingi. Kapoeira ni sanaa ya hila na subira; hapa imegeuka kuwa mvua ya mateke isiyo na nia. Ufa wa pili ni mkubwa zaidi. Ndani ya Tekken 3 yenyewe alikuwamo Tiger Jackson, mpiganaji wa siri, naye alipewa mapigo yale yale ya Eddy pamoja na mavazi ya dansi. Katika Tekken 4 ya mwaka 2001 mapigo hayo yalipewa Christie Monteiro, na Eddy mwenyewe akawa kama vazi lake. Kisa kilikuwa cha Eddy peke yake, lakini mwili uliazimwa kwa wengine kama kanzu ya harusi. Ikiwa matendo ya mhusika yanaweza kuvuliwa na kuvishwa mwingine bila kubadilika, basi matendo hayo hayakuwa yamezaliwa na tabia yake.

Elena ni kinyume chake. Yeye ni mrefu, nywele zake nyeupe, miguu mitupu, amevaa vitambaa vichache na bangili za rangi shingoni, mikononi na miguuni. Hasimami akatulia, hata asipopigana mwili wake hucheza, na uzuri wa mchoro huo hauna budi kusifiwa. Jambo kubwa ni kwamba Elena hapigi ngumi. Mchezaji akibonyeza kitufe cha ngumi, Elena hutoa teke; hata akimkamata mpinzani na kumtupa, hutumia miguu. Tumesema kwamba sarufi ya Street Fighter hutenganisha ngumi na teke. Mhusika huyu anaivunja sarufi hiyo, na katika kuivunja anajitambulisha. Humhitaji msimulizi akuambie kwamba huyu anapigana kwa namna yake: vidole vyako vimekwisha kujua.

Uchezaji wake nao unadai akili. Analo pigo la kufagia chini linaloitwa, tukilifasiri, Mkia wa Linksi, na pigo la kushuka kutoka juu ambalo humpata aliyechutama. Mpinzani hana budi kubashiri: ajikinge chini au juu? Tena toleo hilo lilileta kinga mpya, yaani kumkabili anayepiga kwa kusukuma mkono wa kuongozea mbele wakati ule ule pigo linapofika, ukikosea umeumia. Kwa hiyo mbele ya Elena mchezaji husoma nia ya mwenzake, na hiyo ndiyo roho ya kapoeira iliyomkosa Eddy. Isitoshe, katika toleo la mwaka 1999 Elena anaweza kutumia nguvu yake kuu kujiponya badala ya kupiga, na mpinzani hulazimika kukimbia kumzuia. Hadithi humtaja kuwa msichana apendaye kusafiri na kutafuta marafiki. Hapo tendo na tabia vimeshikana: katika uwanja ambamo kila mtu huja kuvunja, yupo mmoja aliyepewa uponyaji.

Basi kosa liko wapi? Liko katika asili. Mchezo ule wa 1997 unatueleza kwamba Elena ni binti wa mkuu wa kabila katika mbuga za Kenya. Lakini kabila hilo halina jina, wala hatuelezwi jinsi sanaa ya Salvador ilivyomfikia huko. Brazili haitajwi. Baadhi ya majina ya mapigo yake ni ya wanyama, mfano Pembe ya Kifaru, na huo Mkia wa Linksi tulioutaja. Kifaru tunamjua. Linksi ni mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Jamaa yake wa huku kwetu ni simbamangu, na watungaji wangalimtafuta wangalimpata. Kosa ni dogo, lakini linaonyesha kwamba Kenya hii haikutazamwa; ilidhaniwa. Mbuga, wanyama, kabila, ngozi ya mtu iliyo wazi: hayo ndiyo yaliyotosha.

Yupo atakayetetea kwamba kapoeira ina mizizi Afrika, kwa hiyo Elena ameirudisha nyumbani. Hoja hiyo inavutia, lakini tukiikubali tutakuwa tumekubali kwamba Afrika ni kijiji kimoja, na kwamba lililotoka Angola laweza kuokotwa Kenya bila safari. Mtu wa Luanda na mtu wa Lamu wanatenganishwa na bara zima. Tena, Kenya haikukosa sanaa yake. Huko Lamu uko mchezo wa kirumbizi, ambamo wawili wenye bakora hukabiliana katikati ya duara la watu, kwa mlio wa ngoma na zumari. Duara lipo, ala zipo, hila ipo. Elena angaliweza kuwa mpiganaji wa kirumbizi, na mchezo ungalipata silaha mpya na mwendo mpya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa msemo huo una maana mbili.

Hatutaki tueleweke vibaya. Hatumkatai Elena. Amedumu: alirudi mwaka 2014 katika toleo la nyongeza la Street Fighter IV, akarudi tena mwaka 2025 katika Street Fighter 6, kama Eddy naye alivyorudi katika Tekken 8 mwaka 2024. Wachezaji wanampenda kwa haki. Hukumu yetu ni kwamba Eddy ana asili asiyopewa tendo la kuilinda, na Elena ana tendo asilopewa asili ya kulibeba. Tukilazimishwa kuchagua kwa upande wa ufundi wa kujenga mhusika, tutamchagua Elena, kwa sababu mhusika huishi katika matendo. Lakini tukiulizwa ni mtungaji yupi aliyewaheshimu zaidi watu aliowachora, tutamtaja wa Eddy.

Kwa mwalimu wa Kiswahili faida ya zoezi hili ni wazi. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini Elena hapigi ngumi ameshaelewa uhusiano wa fani na tabia kuliko yule aliyekariri maana ya mhusika duara. Na yule anayeuliza, “Kabila lake ni lipi?” ameshaanza uhakiki wa kweli. Swali hilo ni letu kabla halijawa la Osaka. Watungaji wa mbali huchora kwa vile walivyovikuta vimeandikwa, na simbamangu hawezi kuingia katika mchezo wao ikiwa sisi wenyewe tunamwita linksi. Kirumbizi kikiandikwa, kikaelezwa, kikafundishwa, siku moja atatokea mchoraji, yamkini mmoja wa wanafunzi wetu, ambaye hatakuwa na haja ya kuazima.