Mng'aro Usiopakwa

Mfupa wa mguu wa ng'ombe ukitoka buchani hauna urembo wowote. Una mafuta, una uboho, una nyuzi za nyama zilizoshinda kisu, na ukiachwa siku mbili juani huita nzi wa mtaa mzima. Shanga nyeupe za Kibera, zile zinazopangwa kwenye mikufu pamoja na vipande vya shaba iliyoyeyushwa kutoka kwa kufuli na mabomba mabovu, huanzia hapo. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, na Nairobi hailali bila nyama choma, kwa hiyo mifupa haikosekani.

Kinachonivuta mimi ni mng'aro wa shanga hizo. Shanga ya mfupa iliyomalizwa vyema huonekana kama imepakwa kitu, ilhali mara nyingi haijapakwa chochote. Mwanga unaouona ni wa mfupa wenyewe, na fundi ameufikia kwa kupunguza, akiondoa kila kilichokuwa kikiuzuia.

Kupunguza huko huanza jikoni. Mifupa hukatwa ncha, uboho ukatolewa, kisha ikachemshwa kwa maji ya sabuni hadi mafuta yaelee. Mafuta yasipotoka yote, shanga itageuka manjano miezi michache baadaye, ikiwa tayari shingoni mwa mtu. Lakini kuchemsha nako kuna mpaka. Kile kinachofanya supu ya mifupa igande ikipoa ndicho kinachoshikilia madini ya mfupa pamoja. Ukikichemsha chote kikaingia kwenye maji, unabaki na mfupa mkavu unaomomonyoka kama chaki, na chaki haipokei polishi hata uisugue mwaka mzima. Ndiyo maana pia Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ni adui hapa. Inafanya mfupa uwe mweupe haraka, ni kweli, lakini inaula ndani. Anayejua kazi hutumia haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, na kuusubiri weupe uje kwa wakati wake.

Halafu kuna kukata na kutoboa, kazi ya kelele, vumbi na harufu mbaya. Vumbi la mfupa si la kuvuta. Fundi asiyefunga pua atalikumbuka baadaye kifuani. Tuipite.

Uhodari umo kwenye msasa. Jicho huona mng'aro pale uso unapokuwa laini kiasi kwamba mwanga unaoupiga unarudi kwa njia moja. Mkwaruzo, hata ule usioonekana, huutawanya mwanga, na shanga hufubaa. Msumeno huacha mikwaruzo mirefu. Msasa namba 80 huifuta na kuacha yake, mifupi zaidi. Namba 150 hufuta ya 80. Kisha 240, 400, 600, na wenye roho ngumu hufika 1000, namba ikipanda chembe zikizidi kuwa ndogo. Kuanzia 400 hivi, msasa ufaao ni ule mweusi wa maji, uleule wanaotumia mafundi wa kupaka magari rangi, na kazi huhamia kwenye beseni. Maji hushika vumbi na kuuzuia msasa usizibe.

Mtego uko kwa anayeruka ngazi. Ukitoka 150 ukaenda moja kwa moja 600, huoni kosa papo hapo. Shanga inateleza kidoleni, inapendeza, unaridhika. Ukiifikisha kwenye polishi ndipo mikwaruzo ya 150 inajitokeza yote, kwa kuwa mng'aro hauufichi mkwaruzo, huumulika. Hapo hakuna dawa ila kurudi nyuma ngazi zote ulizoruka. Kwa hiyo fundi hubadili mwelekeo kila anapobadili msasa: kama huu ulikwenda kwa urefu wa shanga, unaofuata huenda kwa upana, na mstari wa zamani uliosalia huonekana umekatiza. Kisha huikausha shanga kabla ya kuitazama, maana maji huijaza mikwaruzo na kumdanganya mtazamaji. "Bado," humwambia kijana anayejifunza, bila kueleza zaidi, na kijana hurudi kwenye beseni.

Polishi yenyewe huchukua muda mfupi. Gurudumu la vitambaa vya pamba vilivyoshonwa pamoja huzungushwa na mota, likapakwa polishi ngumu ya kipande, na shanga ikaguswa nalo kidogo tu, ikigeuzwageuzwa kwenye waya. Ukikandamiza, joto hupanda, mfupa hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha doa la kahawia. Stima ikipotea, gurudumu husimama, lakini beseni halijali stima.

Wateja wageni huuliza kama hizo ni pembe za ndovu. Swali hilo si dogo katika nchi iliyochoma tani 12 za pembe hadharani mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016. Jibu limo ndani ya shanga yenyewe: mfupa una vidoa na vistari vidogo vyeusi, mabaki ya njia za damu, ambavyo pembe haina. Kadiri ulivyosuguliwa vizuri, ndivyo ushahidi huo unavyoonekana wazi.

Ukivuka Barabara ya Ngong' ukafika Kawangware, unakuta mng'aro wa namna nyingine kabisa. Hapa akina mama hukata kalenda kuukuu na kurasa za magazeti ya rangi ziwe pembetatu ndefu, wakaziviringisha kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha nyembamba ikamalizikia katikati kwa gundi. Ni shanga za karatasi, ndugu wa zile za Kampala, na karatasi haiwezi kung'arishwa kwa kusugua. Lazima ipakwe vanishi. Zamani nilidhani hiyo ni njia ya mkato. Sidhani hivyo tena, kwa sababu subira yote iliyoko kwenye msasa imehamia kwenye kukauka. Gundi isipokauka mpaka ndani, unyevu hufungiwa chini ya vanishi na shanga ikapata ukungu mweupe usiotoka. Vanishi ikipakwa nene mara moja, huteremka ikaganda tone upande wa chini. Kwa hiyo hupakwa nyembamba, ikakauka, ikarudiwa, na tena, shanga zikining'inia kwenye uzi wa kuvulia samaki bila kugusana. Msimu wa mvua kazi hurefuka. Kiangazi vumbi la barabarani linatafuta pa kukaa, na hakuna mahali linapopenda kama vanishi mbichi.

Kati ya mbinu hizo mbili umesimama ule udongo wa plastiki wa rangi, usiotoka ardhini, unaookwa kwenye joto la nyuzi 130 hivi. Wengi hukimbilia kuupulizia vanishi ya kopo, na baadhi ya vanishi hizo hazikauki juu yake kamwe. Zinabaki zikinata kwa sababu ya vilainishi vilivyomo ndani ya udongo huo. Unachokubali bila ubishi ni msasa wa maji na kitambaa. Umezaliwa kiwandani, lakini tabia yake ni ya mfupa.

Nikilazimishwa kuchagua, nachukua mfupa. Vanishi ni nzuri kuliko siku zote ile siku inapokauka. Baada ya hapo jasho, manukato na maji ya kuoga huanza kuila. Mfupa uliosuguliwa huendelea kusuguliwa na ngozi na nguo za mvaaji, ukinywa mafuta ya mwili kidogo kidogo, na ukichujuka, msasa mzuri na kitambaa vinaurudisha.

Ukikutana na shanga hizi Soko la Maasai, muuzaji atakugeuzia upande unaong'aa. Wewe tazama tundu. Gurudumu la polishi haliingii humo, na ukingo ulioachwa mkali hukata uzi polepole hadi mkufu umwagike ndani ya matatu. Fundi makini huulainisha ukingo huo kwa kipande cha msasa kilichoviringishwa kwenye kijiti, tundu moja baada ya jingine, pande zote mbili, kwa kila shanga ya mkufu mzima, na bei haiongezeki hata shilingi.