Nusu Sekunde Kabla ya Yowe

Paka anaingia jukwaani amevaa koti jeusi la mkia na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Anainamia hadhira bila haraka, kama mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Anaketi kwenye stuli, anajiweka sawa, anangoja ukumbi utulie. Kisha anaanza kupiga Rapsodia ya Hungaria namba 2 ya Franz Liszt. Kwa muda mzima huo hakuna kichekesho. Kuna paka na piano tu, na paka mwenyewe kazi anaijua.

Hiyo ni The Cat Concerto, filamu fupi ya Tom na Jerry iliyotoka mwaka 1947 na kupata tuzo ya Oscar ya katuni fupi. Ina urefu wa dakika saba hivi. Kila nikiitazama huwa nakwama hapo mwanzoni, kabla panya hajaamka. Mtengenezaji mwenye pupa angekiondoa kipande hicho na kwenda moja kwa moja kwenye fujo. William Hanna na Joseph Barbera walikiacha kwa sababu walijua kwamba heshima ya Tom lazima ijengwe ndipo ivunjwe. Paka wa jalalani akianguka, nani atacheka? Huyu aliyevaa koti la mkia, mwenye kope zilizoshuka kwa kujiamini, ana pa kuangukia.

Jerry amelala ndani ya piano, juu ya nyundo zile ndogo zinazogonga nyuzi. Tom anapobonyeza, nyundo zinamrusha panya usingizini. Ugomvi wote unaanzia hapo, na ni ugomvi wa haki: mmoja yuko kazini, mwingine yuko kitandani kwake. Wala hakuna aliyemtafuta mwenzake. Baada ya hapo kila pigo lina jibu lake, lakini kuna sharti moja ambalo halitamkwi popote: muziki usisimame. Tom hawezi kuinuka akamfukuza Jerry kwa sababu ukumbi umejaa watu. Anapigana kwa kidole kimoja huku vingine vyote vikiendelea na Liszt.

Watu wengi wakiikumbuka Tom na Jerry hukumbuka vipigo: kikaango usoni, baruti mdomoni, mkia kwenye soketi ya umeme. Vipigo ndiyo sehemu rahisi. Mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuchora paka akipigwa kikaango. Ufundi wa Hanna na Barbera uko katika muda unaotangulia kipigo, katika kuamua kitachelewa kwa kiasi gani.

Chukua kisa cha mtego. Jerry ameweka mtego wa panya mahali pa vibonye vya piano, upande wa sauti za juu. Sisi tumeuona, Tom hajauona. Kidole chake kinatua upande mmoja wa mtego, kinaruka, kinatua upande wa pili. Kinarudi. Kinaruka tena. Muziki unampeleka pembeni mwa chuma kile, mara huku mara kule, nasi tunaanza kukunja vidole vyetu wenyewe. Wangeweza kumnasa mara ya kwanza wakavuna kicheko chao wakaendelea. Wakamwacha apite, na apite tena, mpaka mtazamaji anaanza kuamini labda atapona. Hapo ndipo mtego unafyatuka. Waswahili tunasema mtego wa panya hunasa aliyekuwemo na asiyekuwemo. Hapa aliyeutega ni panya mwenyewe, na aliyenaswa ni yule ambaye kwa desturi ndiye angeutega.

Kuchelewesha namna hiyo si jambo la kubahatisha, ni hesabu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Dakika saba ni fremu zaidi ya 10,000. Kwa kawaida mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja hutaka michoro 12. Kitendo kikiwa cha kasi sana, kila fremu inahitaji mchoro wake. Katika studio ya MGM, pale Culver City, California, mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu ya seluloidi, ukapakwa rangi kwa upande wa nyuma, ukalazwa juu ya picha ya mandhari, ukapigwa picha chini ya kamera. Ukaondolewa, ukaja mwingine. Tom akigeuza shingo tu, hapo kuna watu wengi wameinama mezani.

Mchekeshaji wa jukwaani ana nafuu moja: anaisikia hadhira. Kicheko kikipanda anangoja, kikishuka anaongeza neno. Mchora katuni hana hadhira mezani pake. Anatakiwa akisie kicheko cha watu asiowajua, kitakachotokea miezi mingi mbele, na aseme sasa hivi kwamba paka ataganda kwa fremu kadhaa kabla hajatambua kwamba kidole kinamuuma. Fremu zikipungua, mtazamaji hajapata nafasi ya kuelewa. Zikizidi, ameshaelewa na ameanza kuchoka. Baina ya hizo mbili pana nafasi nyembamba, na Hanna alikuwa akiingia humo mara kwa mara kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani.

Kazi waliigawana kufuatana na vipaji. Barbera, mzaliwa wa New York mwaka 1911 aliyewahi kufanya kazi benki, alikuwa na mkono mwepesi. Yeye ndiye aliyebuni visa na kuvichora haraka haraka kwenye ubao wa hadithi, nyuso zikiwa tayari zina hasira au hila. Hanna, aliyezaliwa New Mexico mwaka 1910, hakuwa mchoraji wa kiwango hicho. Alikuwa na sikio. Yeye ndiye aliyepanga muda: kisa hiki fremu ngapi, hatua ile fremu ngapi, ukimya ule fremu ngapi. Kati ya mwaka 1940 na 1958 zilitoka filamu zao 114 za Tom na Jerry, na saba kati ya hizo zilipata Oscar.

Hata ya kwanza kabisa, Puss Gets the Boot ya mwaka 1940, tayari ina mbegu hiyo. Tom bado anaitwa Jasper, ana manyoya mengi kupita kiasi na anatembea kwa miguu minne kama paka wa kweli. Ameonywa kwamba akivunja kitu kimoja zaidi atatupwa nje. Panya anaisikia habari hiyo. Anapanda mezani, anashika glasi, anaisogeza ukingoni. Basi. Hajamgusa paka, hajamtupia kitu, ila paka ameganda mguu ukiwa hewani. Glasi ambayo haijaanguka inafanya kazi kubwa kuliko glasi kumi zilizovunjika. Miaka iliyofuata walipunguza manyoya, wakamsimamisha Tom kwa miguu miwili, wakanyoosha mistari, wakaongeza kasi. Ile glasi ya ukingoni hawakuiacha kamwe, ilibadilika sura tu.

Na yowe la Tom? Hilo ni la Hanna mwenyewe. Alipiga kelele mbele ya maikrofoni, kisha mwanzo na mwisho wa kelele vikakatwa, ikabaki sehemu kali ya katikati. Ndiyo maana linashtua: halipandi wala halishuki. Lipo, kisha halipo.

Yote hayo yangekuwa nusu ya kazi bila Scott Bradley, mtunzi wa muziki. Ratiba ya Hanna ilifanana na karatasi ya muziki kwa sababu ilihesabiwa kwa mapigo. Ukiweka pigo moja kila baada ya fremu 12 unapata mapigo mawili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika, mwendo wa kutembea kwa haraka. Ndani ya gridi hiyo Bradley aliandika muziki unaogusa karibu kila kitu: unyayo unaonyata una nyuzi za fidla zinazodonolewa, kichwa kinachogeuka kina filimbi, mporomoko wa ngazini una kila kitu. Hakuwa mtu wa kuongeza sauti kwa kujaza nafasi. Katika Puttin' on the Dog ya mwaka 1944, Jerry anapotembea amejificha chini ya kichwa cha mbwa wa bandia, Bradley alitumia mfumo wa noti kumi na mbili wa Arnold Schoenberg, muziki ambao wasikilizaji wengi wa wakati ule wangeukimbia ukumbini. Wakiwa wanacheka, waliumeza bila kujua.

Katika The Cat Concerto mambo yaligeuzwa. Piano ilitangulia, wachoraji wakaifuata noti kwa noti. Tazama vidole vya Tom: havipapasi ovyo. Mkono unapanda upande wa sauti za juu sauti inapopanda, unavuka mkono mwenzake pale mpiga piano angevuka, unainuka na kungoja mahali penye pumziko. Mtu anayepiga piano atakuambia kwamba mara nyingi kidole kiko kwenye kibonye chenyewe. Hakuna aliyewalazimisha. Ukumbi wa sinema wa mwaka 1947 usingegundua. Lakini kama vidole vingekuwa vya uongo, Tom asingekuwa mpiga piano anayesumbuliwa, angekuwa paka anayeigiza, na mtego ule usingetuuma hata kidogo.

Ushahidi upo karibu. Mwaka 1946 Warner Bros. walitoa Rhapsody Rabbit ya Friz Freleng: Bugs Bunny, piano, Liszt huyo huyo, na panya ndani ya piano. Studio hizo mbili zilishutumiana kwa wizi. Nani alimwibia nani si kazi yangu kuamua. Ninachoona ni kwamba Bugs anajua tunamtazama. Anatukonyeza, anafanya utani na sisi, muziki kwake ni kisingizio. Ni filamu nzuri. Tom hana habari nasi. Anaijua rapsodia yake, na anataka kuimaliza. Kwangu mimi kichekesho chake kinaingia ndani zaidi kwa sababu kuna kitu anachokipenda kinaharibiwa mbele ya watu.

Kuna mahali subira hiyo haikufika. Filamu nyingi za miaka ile zina mwanamke Mweusi mtumishi wa nyumba, anayeonekana miguu na viatu tu, akizungumza kwa sauti ya Lillian Randolph. Na mara kwa mara baruti ikilipuka, uso wa paka unageuka dhihaka ya sura ya mtu Mweusi. NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi wa Marekani, kilimlalamikia mhusika huyo, na baada ya mwaka 1952 hakuonekana tena. Siyasemi haya kama mtu anayetoa udhuru wa zama. Nayasema kwa kipimo cha kazi yenyewe: watu waliokuwa tayari kuhangaikia kila kidole cha paka, walipofika kwa binadamu huyu walichukua picha iliyokwisha chorwa na wengine kwa chuki, wakaibandika.

MGM ilifunga studio yake ya katuni mwaka 1957. Ilikuwa imeona kwamba kurudisha filamu za zamani sinema kunalipa karibu sawa na kutengeneza mpya. Hanna na Barbera wakahamia televisheni, ambako fedha ilitosha michoro michache tu, mdomo ukasogea na mwili ukabaki palepale. Baadaye Gene Deitch alitengeneza filamu 13 za Tom na Jerry huko Prague, za ajabu ajabu, zenye mwangwi kama zimerekodiwa kisimani. Chuck Jones alitengeneza 34, zinapendeza macho, Tom akiwa na nyusi nene. Ila Jones alipenda sana mikao ya wahusika wake, na unapoishangaa mikao, hesabu inaponyoka. Kisha mwaka 1975 kikaja kipindi cha televisheni ambamo paka na panya ni marafiki na Jerry amevaa tai ndogo nyekundu ya kipepeo. Nakiacha hapo hapo.

Huku kwetu zile za zamani hazikupata shida yoyote. Filamu za kigeni kwenye vibanda vya video zilihitaji DJ wa kuzitafsiri na kuzitia chumvi. Tom na Jerry hakuna anayehitaji kuwatafsiria. Babu na mjukuu wanacheka kwa pamoja, fremu ile ile, na hilo lilipangwa penseli ikiwa mkononi.

Ukizitazama filamu hizi kwa muda utaanza kuitambua mikono ya wachoraji. Majina huandikwa mwanzoni, na watu huyapita: Kenneth Muse, Ed Barge, Irven Spence, Ray Patterson. Tom ambaye mdomo umepanuka kuliko kichwa, meno yote nje, mwili ukijinyonga kama nguo inayokamuliwa, mara nyingi ni wa Spence. Tom anayewaza, anayetikisa ncha ya mkia huku wazo likimjia polepole usoni, mara nyingi ni wa Muse. Katika The Cat Concerto nimejaribu kuwatenganisha wachoraji na ni vigumu kuliko kwenye filamu nyingine. Nadhani sababu ni piano: wote walifungwa kwenye rekodi moja, na hakuna aliyepata fremu ya ziada ya kujionyesha.