Duka na Mti: Uhakiki wa Picha Mbili Kuhusu Kuahirisha

Methali dhidi ya kuahirisha ziko nyingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Linalowezekana leo lisingoje kesho. Mwanafunzi anazijua zote, na bado insha yake haijaanza. Je, picha inaweza kumsaidia pale methali iliposhindwa? Nitahakiki picha mbili za ukutani zinazogusa taabu hii.

Ya kwanza ni ya wafanyabiashara wawili, iliyochapishwa katika nchi nyingi na kutundikwa madukani. Aliyeuza kwa fedha taslimu ni mnene, ametulia, na kasha lake limejaa. Aliyeuza kwa mkopo amekonda, na panya wanacheza karibu na kasha tupu. Ubora wa picha hii uko mahali inapotundikwa: mteja anaiona kabla hajafungua mdomo. Mwenye duka, ambaye angemkopesha jirani yake leo tena ili aepuke kumwambia "hapana", amebebewa neno hilo gumu na ukuta. Lakini ina dosari kubwa. Ina wauzaji wawili na haina mnunuzi hata mmoja. Anayekopa unga huku akisubiri mshahara au mavuno amehukumiwa bila kuchorwa.

Ya pili inatoka kwa jirani zetu. Kutoka Kamembe, ukivuka mto Rusizi unaingia Bukavu, nchini Kongo, na ni wachoraji wa Kongo waliorudia mara nyingi picha iitwayo Inakale. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki ameichunguza pamoja na michoro mingine ya aina hiyo iliyonunuliwa na watu wa mijini. Mtu amenaswa juu ya mti kando ya maji. Nchi kavu kuna simba, kwenye matawi kuna nyoka, majini kuna mamba.

Mtazamaji mwenye haraka atasema mtu huyu hafanyi lolote. Mchoraji anatuonyesha kwa nini: kila njia ina meno. Hapa Inakale inaishinda picha ya duka. Anayeahirisha kwenda kupima afya mara nyingi si mvivu. Anaogopa majibu, anaogopa gharama, anaogopa macho ya watu. Hao ndio simba, nyoka na mamba wake. Hata hivyo, picha hii nayo ina upungufu. Haionyeshi pa kushukia. Anayeitazama kila siku anaweza kufarijika mno na kulizoea tawi lake.

Kwa hiyo naona mabango yanayoandikwa "Anza leo!" kwa herufi kubwa yamekosa mema ya pande zote mbili. Yanalaumu kama picha ya duka, lakini hayakai pale uamuzi unapofanyika. Wala hayana huruma ya Inakale. Bango la kumhimiza mtu akapime afya lisimchore mgonjwa aliyechelewa akilia. Limchore mtu mwenye hofu usoni, kisha lango la kituo cha afya, benchi la kungojea, na swali la kwanza atakaloulizwa. Tena litundikwe njiani, mahali ambapo bado anaweza kukata kona na kurudi nyumbani. Hofu yake haitaisha kwa kuliona, ila atakuwa ameonyeshwa tawi la kukanyagia.