Wati 5,000 zilizomeza ngoma za harusi

Mpwa wangu anahariri video za harusi katika chumba cha uani, nyumbani kwa dada yangu Tabata. Juzijuzi alikabidhi kazi iliyomchukua wiki mbili, na siku ya pili yake mama wa bibi harusi akapiga simu. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, ngoma zangu ziko wapi?" Alikuwa amelipia kikundi cha ngoma, na kwenye televisheni ya sebuleni kwake wapigaji walionekana wakivuja jasho huku ngoma zikilia kama makopo ya maziwa.

Kijana akanipigia amechanganyikiwa. "Shikamoo mjomba. Mimi huku kwangu zinapiga mpaka dirisha linatikisika." Nilimwamini. Dirisha ndilo lililonifanya nizitilie shaka spika zake.

Mezani kwake palikuwa na kile tunachokiita sabufa: boksi kubwa la besi kwenye pembe ya chumba, na spika mbili za plastiki zenye ukubwa wa kikombe cha chai, moja kila upande wa kioo cha kompyuta. Wauzaji huuita mpangilio huo 2.1, mbili ni spika za kulia na kushoto, moja ni lile boksi la besi. Sina ugomvi na sabufa. Kwa mpira, filamu na sikukuu ya Idi inafanya kazi yake vizuri. Lakini huyu alikuwa anaitumia kama mizani. Besi ikizidi kwenye spika zako, unaipunguza kwenye video ukidhani imezidi huko. Aliikata, akaikata tena, mpaka ngoma zikamkaa sawa masikioni. Zilipofika kwenye televisheni isiyoongeza besi yoyote, hazikuwa na kitu.

Tukaanza na boksi lenyewe, maana mpwa wangu alilinunua kwa sababu ya namba. Upande mmoja limeandikwa kwa herufi za dhahabu: wati 5,000 PMPO. Tupige hesabu ya fundi umeme. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990. Sabufa ya wati 5,000 ingevuta umeme mwingi kuliko fyuzi hiyo inavyoruhusu, na kama fyuzi ingevumilia, kila saa ingekula uniti 5 za LUKU. Dada yangu angekuwa ameshaitupa nje.

PMPO ni kilele cha nguvu kinachodaiwa kwa kipande kidogo cha sekunde, kwa kipimo ambacho kila kiwanda hujipangia. Namba yenye maana ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Hata hiyo huandikwa kwa ukarimu siku hizi, kwa hiyo mimi hugeuza spika na kusoma mgongo wake. Huko kuna kibandiko kidogo ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya kuuza. Cha sabufa ile kilisema: volti 220–240, hezi 50, wati 35. Hizo 35 ndizo zinazoingia kutoka ukutani, na sehemu yake inapotea kama joto ndani ya amplifaya. Kinachotoka kama sauti hakiwezi kuzidi kilichoingia. Kama spika inatumia adapta, zidisha volti kwa ampia zilizoandikwa kwenye adapta: volti 12 kwa ampia 1.5 ni wati 18, basi. Na zile spika zinazokula umeme wa tundu la USB? Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa volti 5 na nusu ampia, yaani wati 2.5. Ukiona spika ya namna hiyo imeandikwa wati 100, mrudishie mwenye duka.

Kijana akauliza swali la haki: sasa wati ngapi zinatosha? Chache kuliko unavyodhani. Spika nyingi za saizi hii, zikilishwa wati moja tu, hutoa desibeli 85 hivi kwa mtu aliye mita moja mbele yake, na sauti ya namna hiyo mtu hawezi kukaa nayo siku nzima. Mtu wa kompyuta ya mezani yuko karibu zaidi ya hapo, urefu wa mkono. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi. Kwa hiyo kati ya spika ya wati 20 na ya wati 30, sahau namba, sikiliza.

Chumba nacho kilikuwa na kesi yake, na watu wengi hawakigusi kabisa. Chumba cha mpwa wangu kina mita 3 kwa 3, kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae. Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, mara mbili kamili ya chumba hicho. Likigonga ukuta linarudi likakutana na lingine, yanasaidiana, na noti hiyo moja inavimba kuliko majirani zake. Urefu na upana vikiwa sawa, kosa linatokea mara mbili mahali pale pale.

Nilitaka aone mwenyewe. Tukapiga mlio mmoja wa hezi 57 kwenye kompyuta, nikamwambia atembee. Alipofika katikati ya chumba akasimama. "Mjomba, umezima?" Sikuwa nimegusa kitu. Akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta, na mlio ukamrudia mzito, akausikia tumboni. Kiti chake kilikuwa papo hapo, kimeegemea ukuta, na sabufa iko kwenye pembe, ambako kuta mbili na sakafu huipandisha besi zaidi. Alikuwa anahariri akiwa amekaa mahali ambapo chumba kizima kinamwongezea ngoma.

Jirani alishauri mapazia. Pazia zito linapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, na hilo ni jambo jema kwenye chumba cha vigae, lakini wimbi la mita 6 linapita kwenye pazia kama kwamba halipo. Dawa zetu zilikuwa mbili: kusogeza meza, na kununua spika ambazo hazichimbi hadi huko chini. Nyingi zenye koni ya inchi 4 huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 70, kwa hiyo hazikichokozi chumba sana. Kwa chumba kidogo, spika ya wastani ni nafuu ya masikio na ya mfuko pia.

Kariakoo tulienda asubuhi, siku ya kazi, kabla makelele hayajapanda. Mpwa alibeba flashi yenye mafaili manne. La kwanza, mama yake akisoma tangazo la msiba kwa sauti yake ya kawaida. Hakuna chombo cha kupimia kinachozidi sauti ya mtu unayemjua. La pili, zile ngoma kabla hajazikata. La tatu, taarabu yenye fidla nyingi. La nne, dakika moja ya kimya.

Muuzaji alishatuwekea wimbo wake, besi imefunguliwa hadi mwisho. "Mzee, sikia mzigo huu!" Nikamwomba kwa adabu arudishe vitufe vyote viwili, cha besi na cha sauti nyembamba, viangalie saa sita. Kila spika inavutia ikikolezwa. Nilitaka kujua ladha yake kabla ya chumvi.

Jozi ya kwanza ilimfanya dada yangu aonekane anazungumza akiwa ndani ya ndoo. Hilo mara nyingi ni kasha: plastiki nyembamba inatetemeka yenyewe na kuongeza maneno yake. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kopo, ndicho utakachosikia kwenye sauti za wanaume. Jozi ya pili ilikuwa na kasha zuri la mbao iliyoshindiliwa, lakini kila herufi "s" ilipiga mluzi. Jozi ya tatu ilikuwa na koni ya inchi 4 na juu yake twita ndogo ya sauti nyembamba kila upande, haina sabufa, amplifaya iko ndani ya spika moja. Ngoma zilisikika kama ngoma. Mpwa akakunja uso. "Mbona hizi zimepoa?"

Nikamwambia hizo ndizo. Yamaha walitoa spika ya nyumbani iitwayo NS-10 mwaka 1978, yenye koni nyeupe. Wenye nyumba hawakuichangamkia sana, lakini studio kubwa za muziki ziliiweka juu ya meza zao kwa miaka mingi, na wapo mafundi waliobandika karatasi laini ya chooni kwenye twita yake kupunguza ukali. Haikupendwa kwa utamu. Ilikuwa inaanika makosa, na waliona kwamba kazi iliyosikika vizuri humo ingesikika vizuri popote. Anayetaka kuburudika na anayetaka kupima hawanunui spika moja.

Faili la kimya ndilo lililomchekesha muuzaji. Tulipandisha sauti hadi robo tatu bila kitu chochote kupigwa, tukasogeza sikio kwenye twita. Kila amplifaya ina "shiii" yake. Yetu ilipotea kwa umbali wa nusu mita, tukalipa. Bei ilikaribiana na ile ya sabufa. Jina la kampuni silitaji kwa sababu mzigo wa Kariakoo unabadilika kila kontena likifunguliwa, na utakachokikuta wewe kitakuwa kingine.

Jioni kijana alizifunga mwenyewe, akanipigia tena. Besi hakuna, na sauti ya mama yake haijulikani inatoka wapi. Niliporudi niliangalia nyuma. Spika isiyo na amplifaya inaungwa kwa waya mtupu wenye nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, na alikuwa amezibadilisha upande mmoja. Spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, besi zinauana katikati. Tukageuza waya, na mama akarudi kukaa katikati ya kioo, kana kwamba anaongea kutoka ndani ya skrini. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kujua kama umeunga vizuri: sauti ya mtu mmoja lazima ikae katikati.

Palikuwa pia na mvumo, na kila akisogeza kipanya, mlio mwembamba kama wa mbu. Mlio ulitokana na tundu la mbele la kompyuta, ambalo waya wake unapita katikati ya vurugu zote za ndani. Tukahamia tundu la kijani la nyuma, ukaisha. Mvumo ni hadithi nyingine. Kompyuta ilikuwa kwenye soketi moja na spika kwenye soketi ya ukuta wa pili, na njia mbili za waya wa ethi zikikutana kupitia waya wa sauti, umeme wa hezi 50 unapata barabara. Tukachomeka vyote kwenye soketi moja ya kuongezea. Ulipungua hadi ukitaka kuusikia ni lazima uinamie spika. Ungebaki, ningemshauri kadi ndogo ya sauti ya nje.

Bluetooth ipo, na nimemkataza kuitumia akihariri. Video yake ina picha 25 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 40. Sauti ikichelewa milisekunde 200 hewani, mdomo wa shehe umeshatangulia picha 5, na kijana atakesha akirekebisha kosa ambalo halimo kwenye video.

Mwisho tuliisogeza meza. Kiti sasa kiko mbali kidogo na ukuta wa nyuma, si katikati kabisa. Spika mbili na kichwa chake vinatengeneza pembetatu yenye pande sawa, na twita ziko usawa wa masikio baada ya kila spika kupandishwa juu ya vitabu viwili vya shule alivyokuwa havisomi hata alipokuwa shule. Kabla hajakabidhi kazi anaisikiliza mara moja kwenye televisheni ya sebuleni na mara moja kwenye simu. Wateja wake wengi wanaitazama harusi kwenye simu, na hakuna spika ya mezani itakayomwonyesha inavyosikika huko.

Video ya mama wa bibi harusi aliihariri upya, hakumtoza. Ngoma zimerudi. Sabufa imehamia sebuleni kwa dada yangu, chumba ni kikubwa, na humo hakuna anayehariri kitu.