Kibarua na Karatasi Yake

Washairi wetu wengi hulitumia neno kibarua kama kwamba ni jina dogo la mtu mdogo. Kiambishi ki- kimewapoteza. Udogo uliomo katika neno hili si wa mtu, ni wa karatasi.

Kibarua asili yake ni barua ndogo. Kamusi za kale, ikiwamo ile ya A. C. Madan ya 1903, zaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti, akakirudisha alipolipwa. Jina la cheti likamhamia mchukuzi wake. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, wakagawana ujira na mabwana zao. Cheti kile hakikuwa uhuru. Kilikuwa ushahidi kwamba kazi imetendwa na kuna haki inayodaiwa.

Tulilinganishe na neno la Kiingereza tunalolifasiri kwalo, yaani ‘casual’. Mzizi wake ni casus ya Kilatini, ‘kuanguka’, na ndipo ikaja maana ya jambo litukialo kwa nasibu. Mwingereza alitazama bahati, Mswahili akatazama hati. Neno lao limelegea hata likawa sifa ya mavazi ya mapumziko. Letu halikulegea: kocha akifukuzwa, magazeti husema kibarua chake kimeota nyasi, na kila msomaji hujua kuwa ni riziki iliyokatika.

Nenda Kibamba alfajiri, kando ya Barabara ya Morogoro, palipokuwa Kinondoni na sasa ni Ubungo. Nyumba zinajengwa, na saidia fundi anachanganya zege kwa ujira wa siku. Cheti hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipomtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ilimwacha nje afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Aliyepewa jina na karatasi ndiye asiye nayo. Akiangukiwa na tofali, au akinyimwa ujira wake magharibi, ataonyesha nini?

Hapo ndipo penye shairi, nasi twalipita tukitafuta vina vya huruma. Atakayemtaja kibarua katika beti zake asimwonee imani tu. Na amwulize: kibarua chako ki wapi?